Binti Aliyeingia Kwenye Gemu: Namna ya Kuandika Mapenzi ya Ulimwengu Mwingine Ukiwa Mombasa

Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na theluji. Binti wa Kisauni alilala na simu mkononi, akaamka ndani ya kasri la mawe, na mbele yake kasimama Mtawala wa Kaskazini: bwana mrefu, mkavu wa maneno, koti la manyoya mabegani. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi za Kikorea zilizotafsiriwa, na bwana huyo hakosi kutokea, basi nami nikamtia. Nikamsomea khalati yangu, yaani dada wa mamangu, sehemu mbili, tumekaa barazani twachambua mbaazi. Akasikiza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyu bwana wa kaskazi mbona bado yupo? Si kusi ishaingia?"

Nilicheka hadi machozi. Kwake kaskazi ni upepo, kusi ni upepo unaoufuata, na mtu wa kaskazi ni baharia aliyeletwa na huo wa kwanza. Lakini usiku ule swali halikunitoka kichwani. Anayekuja na kaskazi sharti aondoke na kusi. Hapo ana muda wa kupenda, ana siku ya kuagana, na hakuna awezaye kumwongezea hata wiki. Nikaifuta theluji yote, nikaanza upya. Haya hapa chini ndiyo niliyoyapata katika kuanza upya huko, kwa yeyote anayetaka kujaribu na hajui ashike wapi.

Hatua ya kwanza: icheze kabla hujaiandika

Wajapani huiita aina hii isekai, yaani ulimwengu mwingine. Tawi lake moja la mapenzi limetokana na michezo iitwayo otome, ambayo mchezaji ni msichana, wanaume kadhaa wamemzunguka, na ushindi haupatikani kwa upanga bali kwa kuchagua jibu. Ile inayohesabiwa kuwa ya mwanzo, Angelique, ilitolewa na kampuni ya Koei mwaka 1994, kazi ya kikundi cha wanawake. Kila mwanamume ana njia yake, na kila njia ina mwisho mwema na mwisho mbaya. Baadaye waandishi waligeuza mambo kwa werevu: binti anayeingia kwenye gemu haamki akiwa kipenzi cha wote, huamka akiwa hasimu, yule mtoto wa kitajiri mwenye roho mbaya ambaye gemu imekwisha kumwandikia kufukuzwa au kuuawa. Sasa ana kazi mbili, kujiokoa na kupenda, na mara nyingi moja huiharibu nyingine.

Tafuta mchezo mmoja wa namna hiyo, wa bure, uucheze wiki nzima kwenye simu. Weka daftari kando. Usiandike hadithi yake. Andika pale unapokulazimisha kuchagua, na ulijisikiaje uliposhindwa. Mimi niligundua kwamba nilipokosea jibu sikuhuzunika. Nilirudi nyuma nikachagua jingine. Nilimwambia mwanamume yule yule maneno matatu tofauti katika dakika tano, naye hakukumbuka hata moja. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya pili: kanuni katika ukurasa mmoja

Ulimwengu wa gemu ni kanuni. Ukiwa nazo thelathini, msomaji atakuona unazibuni njiani kila unapobanwa. Andika chache, ukurasa mmoja, uubandike ukutani, na usiuvunje. Zangu zilikuwa hizi.

Rukia, fundi cherehani wa Majengo, ameamka ndani ya gemu akiwa Mwana Zena, binti wa tajiri wa pembe na ambari. Anaona alama za moyo wa nahodha mmoja tu, yaani nambari ya kuonyesha anavyompenda, si za kila mtu. Alama zikifika 100 kabla ya kusi kuingia, yuko salama. Zisipofika, babake atamtosa katika ndoa na mzee mmoja wa bara, na huo ndio mwisho mbaya. Hakuna kurudi nyuma: neno likitoka limetoka. Na gemu inajua kuhesabu alama lakini haijui kwa nini zimepanda.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa hadithi. Siku moja Rukia alimtukana nahodha mbele ya watu, alama zikaruka kutoka 31 hadi 40, na hakuelewa. Msomaji naye hakuelewa, kwa sehemu tatu nzima. Sababu ilikuwa kwamba hakuna mtu pwani ile aliyewahi kumwambia yule bwana ukweli.

Hatua ya tatu: mlango

Hapa usikawie. Katika hadithi za Kijapani kuna kichekesho cha lori: mtu anagongwa barabarani, anafumbua macho yuko kwingine. Malori tunayo, Changamwe yamejaa tele, lakini msomaji wa hapa akiona binti kagongwa na lori atafikiria mazishi na michango, hatafikiria mapenzi. Mimi nilitumia stima. Imepotea usiku, simu ina asilimia 4, anacheza gizani. Stima iliporudi, taa iliyowaka haikuwa ya chumba chake. Aya moja, basi. Anayetaka kumpitisha kwenye feri ya Likoni au kwenye mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale, na ampitishe, lakini asimalize kurasa nne akieleza mlango.

Hatua ya nne: jenga mji, usitembeze watalii

Mombasa ina mawe ya kutosha kujengea gemu kumi. Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi ikaanguka 1698. Kuna mnara wa Mbaraki, kuna misikiti ya zamani, kuna bandari ya majahazi. Kishawishi ni kuyataja yote. Niliwahi kuandika sehemu nzima ambayo Rukia anatembea tu, kila kona anakumbuka somo la historia, na dadangu akaniambia kwa ufupi kwamba alilala.

Chagua vitu viwili vitatu vinavyofanya kazi katika mapenzi yenyewe. Nitakupa mfano mmoja niupendao. Nyumba za mawe za zamani zilipauliwa kwa boriti za mikoko, na boriti hizo hazirefuki. Kwa hiyo chumba kikawa kirefu sana lakini chembamba, upana wake kama mita tatu au pungufu. Ukiandika kasri la Ulaya, wapenzi wako watasimama pembe mbili za ukumbi wakitazamana kwa mbali. Katika chumba cha boriti hawawezi. Akiingia nahodha kuzungumza na babake Mwana Zena, na binti yuko nyuma ya pazia mwishoni mwa chumba, anasikia pumzi zake. Anasikia akimeza kahawa. Mjenzi amekuandikia mandhari, wewe tia watu tu.

Saa ya gemu nayo imo humu humu. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kuanzia kama Desemba, yakarudi na kusi ilipoanza kuvuma, mwezi wa nne hivi. Kwa hiyo sikuhitaji kidirisha cha kuhesabu siku. Nilihitaji bendera juu ya mlingoti. Kila sehemu ilianza na upepo: unatoka wapi leo, umelegea au umekaza, wavuvi wanasemaje. Wasomaji wangu wa Old Town walielewa kabla hata sijaeleza, na wa bara walijifunza kuogopa pamoja na Rukia kila tanga lilipotetema upande usiotarajiwa.

Neno moja kuhusu uchawi. Gemu hupenda uchawi, na mwandishi mgeni atakimbilia majini. Tahadhari. Kwetu majini si mapambo ya hadithi. Wapo wasomaji, na si wachache, ambao jambo hilo ni la itikadi na la nyumbani, na wataifunga hadithi yako hapo hapo. Mimi niliupa uwezo wa ajabu ujuzi wa watu: nahodha anayepima nyota kwa kamali yake, kile kibao chenye uzi wa mafundo, na kujua si mahali alipo tu bali mahali atakapohitajika; sonara ambaye pete zake hukaza kidole cha mwongo. Hakuna aliyelalamika, na zile pete zilinisaidia mno katika sehemu ya 14.

Hatua ya tano: yeye anamjua, yeye hamjui

Hapa ndipo pa kukaa. Mengine yote ukiyakosea, hili ukilipata hadithi itasimama.

Binti aliyeingia kwenye gemu amecheza njia ya mwanamume huyu mara arubaini. Anajua anaogopa nini. Anajua jina la marehemu mamake, anajua kovu la mkononi limetoka wapi, anajua neno gani litamfanya acheke. Kwake ni mpenzi wa miaka. Mwanamume je? Amemwona leo. Huyu ni binti wa tajiri asiyemsalimia mtu, leo amemwangalia kama aliyempoteza akampata.

Waandishi wengi huona huo ni mtaji: binti anasema neno lile analolijua, alama zinapanda, msomaji anafurahi. Furaha hiyo hukaa sehemu tatu. Baada ya hapo msomaji, hata kama hajui kuisema, huanza kuona haya kwa niaba yake. Ni kama mtu aliyefungua barua zako zote kisha akaja kukuposa kwa maneno yako mwenyewe.

Sisi tunalo jambo la kufanana na hili, nalo ni posa. Kabla ya posa watu huulizia: watoto wa nani hao, wakaaje na majirani, kijana aswali, ana kazi, ana hasira. Lakini kuulizia huenda pande zote mbili. Nyumba ya mume yachunguza nayo yachunguzwa. Rukia ameulizia upande mmoja, tena mpaka chumbani, na upande wa pili haujui hata kwamba kuna mtu aitwaye Rukia. Nilipoliona hivyo, nikajua hadithi yangu yahusu nini. Haikuwa tena kama atafikisha 100. Ilikuwa kama ataweza kumwambia.

Kwa hiyo nakushauri uandike mandhari hii mapema, kabla hata ya sehemu ya kwanza, kwa sababu kila kitu kitaelekea kwake: siku anayotumia jambo asilopaswa kulijua, na mwanamume akagundua. Yangu ilikuwa hivi.

Nahodha Shafi alikuwa akifunga kamba, hakugeuka. Rukia akasema, kwa sauti aliyoizoea, ile ambayo kwenye simu ilikuwa ikimpa alama 6: "Mamako angekuwa hai, angejivunia."

Kamba ikasita.

"Mamangu wamjuaje?"

"Nimesikia tu. Watu husema."

"Hapana watu." Akageuka sasa. "Alikufia Sur, mimi mtoto wa miaka saba. Jina lake sijalitaja kwenye chombo hiki wala kwenye mji huu. Nani kakwambia?"

Kidirisha kikafunguka hewani baina yao, cheupe, kisichojali. *Alama zako zimepungua. Jumla: 12.* Rukia hakukisoma. Alikuwa akitazama mikono ya yule mtu, namna ilivyoshika kamba kama aliyeona mwizi.

Angalia nilichofanya na nambari. Ilishuka vibaya sana, na yeye hakuisoma. Huo ndio wakati ambapo binti ameacha kucheza. Sikuandika "Rukia aligundua kwamba nahodha ni binadamu kamili". Ukijikuta unaandika sentensi kama hiyo, futa. Mkono na kamba vyatosha.

Na baada ya hapo mwache akosee. Mtie katika mambo ambayo gemu haikuandika: homa, ugomvi na mpishi wa chomboni, mvua iliyonyesha siku isiyo yake. Hapo hana jibu la mezani, lazima amuulize mtu swali na kungoja. Sehemu zangu zilizopendwa kuliko zote ni zile ambazo Rukia hajui kitu.

Hatua ya sita: sauti mbili

Kidirisha cha gemu kizungumze Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi, kile cha sauti ya simu inayokuambia salio lako halitoshi. *Chaguo lako limepokelewa. Tafadhali endelea.* Watu wazungumze kama watu: "Wataka nini?", "Mbona wanitazama hivyo?", "Sikiza, mwanangu", "Ndoo hapa." Tofauti hiyo pekee itamwambia msomaji wapi pana uhai na wapi pana mashine, bila wewe kueleza. Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, usikijaze mpaka msomaji wa Dodoma au Kisumu aombe mkalimani. Tia kitenzi hapa, kiitikio pale. Na binti wa Majengo wa leo, akikasirika, na atoe maneno ya leo. Yaya wa Mwana Zena atamtazama, atasema, "Maneno gani hayo, mwanangu? Umelala na dirisha wazi?" Vichekesho vyako vingi vitatoka hapo, na hadithi ya mapenzi isiyochekesha hunichosha.

Hatua ya saba: heshima ndiyo moto wenyewe

Wapo wanaoniuliza wataandikaje mapenzi yenye joto ilhali wazazi na walimu wa madrasa huenda wakasoma. Mimi naona swali limekaa kinyume. Kwenye mji ambao mkono haushikwi hadharani, kila kitu kingine kinashika nafasi ya mkono.

Chukua leso. Doti moja ni mbili. Kila moja ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani ule usemi ulioandikwa chini. Pale Biashara Street mnunuzi huyasoma majina kwanza kabla ya kuuliza bei, kwa sababu leso ikivaliwa imesema. Katika gemu yangu yale majibu matatu ya kuchagua hayakuwa sentensi kwenye kioo. Yalikuwa leso tatu zimekunjwa kwenye sanduku la Mwana Zena, na asubuhi ile angevaa moja kupita forodhani. Majina yake yabuni mwenyewe, mafupi, yenye kuuma kidogo na kuacha mlango wazi. Moja yangu ilisema: *Sikuiti, lakini sijafunga.* Nilipata ujumbe kutoka kwa wasomaji wawili wakiuliza inauzwa wapi.

Au chukua kikuba, yale maua ya asumini na rehani yaliyofungwa pamoja kwa jani la mkadi. Mwana Zena amepita ushorobani, nahodha amejibana ukutani kumpisha, hakuna aliyemgusa mwenzake. Jioni yuko chomboni na kanzu yake ingali inanukia. Siku ya pili kidogo tu. Siku ya tatu anaivua, anaikunja, anaiweka asiifue. Sijaandika busu lolote katika sehemu 22, na hiyo kanzu ndiyo iliyoniletea wasomaji wa kulia usiku.

Mpe binti pia mtu wa kusema naye: shoga, somo, yaya. Bila huyo utalazimika kuandika mawazo yake kurasa kwa kurasa, na mawazo marefu kwenye kioo kidogo cha simu ni usingizi.

Hatua ya nane: kugawa sehemu

Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, na wengi wamekua na hadithi za magazetini za "itaendelea". Maneno 800 hadi 1,000 kwa sehemu yatosha. Anza na upepo au sauti, usianze na muhtasari wa jana. Kata pale mtu amefungua kinywa, si pale amekwisha kusema. Andika sehemu tano kabla hujatoa ya kwanza. Mimi nilitoa moja nikiwa sina ya pili, nikaugua malaria, na wiki tatu watu walidhani Shafi amezama.

Hatua ya tisa: mwisho, uamue mwanzoni

Atarudi Majengo au atabaki? Jibu lazima liwe kwenye ule ukurasa wa kanuni kabla hujaandika neno. Kumrudisha na ua lililokauka mfukoni, kama ushahidi kwamba haikuwa ndoto, kumetumika mno, uachane nako. Kumwamsha kisha amwone kijana feri mwenye sura ile ile ya nahodha, pia.

Mimi nilirudi kwa khalati na swali lake. Kusi iliingia. Rukia alikuwa amemweleza Shafi kila kitu, gemu, simu, zile mara arubaini, na alama zilikuwa 58. Mzee wa bara alikwisha kuondoka mwenyewe. Zile pete za sonara zilimkaza vidole mpaka akaomba ruhusa. Nahodha akatweka tanga bila kuahidi neno. Kidirisha kikaandika *Mwisho*, kikazimika, na Rukia akabaki amesimama ufukweni, kwa sababu gemu ilikuwa imeandikwa mpaka siku ile tu. Hakuna aliyeandika mwezi wa tano. Shafi akirudi na kaskazi, ikiwa atarudi, atakuja na miezi minane ambayo Rukia hajaicheza, na maneno ambayo hajayasikia hata mara moja. Ndipo watakuwa wameulizia sawa kwa sawa.

Wasomaji walinitukana. Walitaka harusi, na mmoja alikwisha kumchagulia Rukia rangi ya nguo. Khalati yangu hakunitukana. Aliuliza tu kama chombo kilibeba maji ya kutosha. Sehemu ile niliitoa mwezi wa nne, na ya kwanza ya kitabu cha pili sikuitoa mpaka Desemba.